Mama yangu si mzuka wa kuonyeshwa wageni

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwanafunzi wa ualimu, na sasa nimeshastaafu, lakini sijapata kukuandikia hata mara moja. Taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu matembezi ya usiku ya "mizuka ya Mji Mkongwe" imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alifuatana na kundi la wageni, akaogopa, akafurahi, kisha akaenda zake kulala. Sisi tunaolala ndani ya nyumba hizo hakutugongea hata mlango mmoja kutuuliza.

Kwetu ni Mkunazini, karibu na Kanisa Kuu la Anglikana. Mama yangu mzazi amepooza upande mmoja, huu mwaka wa tatu. Analala chumba cha juu chenye dirisha la uchochoroni, kwa kuwa ndicho pekee kinachopata upepo. Usiku maumivu yakimzidi huguna, na mara nyingine hulia. Mwezi wa Machi, baada ya Isha, nilikuwa namgeuza ubavu nikasikia watu chini. Nikachungulia. Watu kumi na kitu, wengine na tochi, wengine wameinua simu, na kijana mmoja anaugonga mlango wetu wa nakshi kwa kiganja huku akiwaambia kwa Kiingereza kwamba katika nyumba hii mjakazi alijengewa ukutani akiwa hai, na kwamba kila usiku kilio chake kinasikika. Mama akaguna. Yule kijana akanyoosha kidole juu, akasema, "Mnasikia?" Wakapiga mayowe, wengine wakacheka, na simu zote zikaelekezwa dirishani kwa mama yangu. Nilishuka ngazi nikiwa na kanga tu mabegani, nikafungua mlango, nikamwambia huyo ni mama yangu, ni mgonjwa. Alinijibu kwa adabu, hilo sikatai: "Shikamoo bi mkubwa. Tuwie radhi, hii kazi tu, wageni wanapenda." Kisha akawageukia wageni wake akawaambia neno nisilolisikia, wakaondoka. Tangu usiku ule wajukuu zangu wawili hawataki kupanda kumpelekea bibi yao uji.

Hadithi ya watu kujengewa ukutani ni ya jumba la Mambo Msiige, kule Shangani, pamoja na ile ya mayai yaliyochanganywa na chokaa. Tumeisikia tangu utotoni, na wazee waliotusimulia walikuwa wakituambia wazi kuwa ni hadithi. Kijana yule aliichukua akaihamishia kwetu kwa sababu mlango wetu unatoka vizuri kwenye picha.

Na si nyumba yetu tu. Vile vyumba vya chini ya ardhi pale kanisani, vinavyosemwa kuwa walifungiwa watumwa, huonyeshwa wageni kana kwamba kila jiwe limethibitishwa, ilhali wanahistoria wamekuwa wakieleza kwamba jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873. Ardhi ya soko ni kweli, na mateso ni kweli. Zile sanamu za watu watano waliosimama shimoni na minyororo shingoni zinatosha kumliza mtu mzima mchana kweupe, hazihitaji mzuka. Anayetaka kujua biashara ile ilivyojificha chini ya ardhi na aende Mangapwani, akashuke ngazi za kile chumba kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, walimofichwa watu baada ya biashara kupigwa marufuku, wakingoja majahazi ya usiku. Hapo hana haja ya kuongezewa kitu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanaogeuzwa mizuka ni watu. Walikuwa na majina. Katika miaka ya 1860 aliletwa hapa mtoto wa Kiyao aitwaye Swema, amedhoofika hata wakamdhania amekufa, wakamzika kwenye kaburi fupi angali hai. Mtu mmoja akasikia kilio chake, akamfukua, akampeleka misheni ya Wafaransa, naye akaishi. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto mtumwa aliyekombolewa, akalelewa na misheni hapahapa Unguja, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni yake. Miaka yote niliyokaa barazani sijasikia mtembeza wageni hata mmoja akiyataja majina hayo mawili. Nawasikia wakitaja mashetani. Nawasikia wakifika Forodhani wakisimulia vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 kama kichekesho, vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38, vifupi kuliko mchezo wa mpira, na wageni wanapiga makofi. Mizinga ya manowari za Malkia Victoria ilianza saa tatu asubuhi, na kabla ya saa nne watu wapatao 500 wa upande wa Sayyid Khalid, aliyekuwa ametwaa usultani, walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Watu 500 katika mji mdogo kama huu! Hapakuwa na mtaa usiokuwa na matanga. Nani anapigiwa makofi?

Nimemsikia pia mmoja wao akisema Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme pale Forodhani, iliporomoka kwa hasira za mizimu. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba zetu ni za mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Paa likivuja, maji yanakwenda kwenye boriti, boriti inaoza, dari inakuja chini. Mtu akipaka saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unapasuka. Kwetu tumesubiri fundi wa chokaa miezi minane, wamebaki wachache na wana kazi nyingi, na mfuko mmoja wa saruji unapatikana kila duka. Hayo wageni hawaambiwi, wanaambiwa majini, na sisi wenyewe tunaanza kuamini hivyo tukaacha kupanda juu kuziba paa.

Mapapasi, wale vijana wanaowaandama wageni mitaani, wasio na vitambulisho ni jambo jengine, nitakuandikia siku nyengine. Wenye vitambulisho nawaombea hivi. Kabla ya kupewa au kuhuishiwa kitambulisho, kila mtembeza wageni apelekwe Mangapwani, ashuke kwenye kile chumba peke yake, bila tochi na bila simu, akae nusu saa. Akitoka akae na wazee wawili wa mtaa atakaoutembeza, wamwambie nani anaishi wapi na nani anaumwa. Na ikifika saa tatu usiku, makundi yabaki Forodhani na barabara kubwa, yasiingie vichochoroni mwa watu.

Mama bado analala chumba kile kile. Dirisha tunalifunga saa mbili, nakaa kando yake nikimpepea mpaka apitiwe na usingizi.

Mwalimu mstaafu,
Mkunazini, Zanzibar