Walimu wa kemia, msiishie asidi laktiki tu

Mhariri, naomba kanafasi. Hivi walimu, mnafundisha senta ya kairali (kaboni iliyoshika vitu vinne tofauti) kwa asidi laktiki tu, ile ya maziwa mgando, halafu mtihani unaleta kolestroli na kuuliza ina senta ngapi, mtoto anaona zile pete nne anachoka kabisa. Mwambieni aanze kufuta kaboni zisizoweza kushika vitu vinne tofauti: CH2 na CH3 (zina hidrojeni zinazofanana) na zenye dabo bondi (zimeshika vitu vitatu tu), kati ya kaboni 27 zinabaki 9. Kaboni namba 3 yenye OH ndo inawachanganya wengi, kushoto CH2 kulia CH2, lakini ukizunguka pete upande mmoja unakutana na dabo bondi mapema kuliko mwingine, kwa hiyo inahesabika. Namba 25 ina metili (CH3) mbili zinazofanana, hiyo toa. Jibu ni senta 8, siyo uchawi jamani.

Mdau wa kemia, Morogoro