Goti halitaki kulazwa

Langoni, Lamu

Shoga yangu Mwanakombo,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata. Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi limetukaba.

Hilo la kushinda kitandani na goti umelifunga leso ndilo lililoniudhi. Nani kakwambia? Baridi yabisi ya goti kuchakaa si kidonda cha kungoja kifunge. Gegedu lililo baina ya mifupa halina mishipa ya damu. Chakula chake hulipata katika ute wa kiungo, na ute huo hutembea goti likikunjwa na kukunjuliwa. Ukilaza mguu, misuli ya paja nayo husinyaa, na ndiyo inayolisaidia goti kukubeba.

Mtaalamu wa viungo aliyenifundisha mimi alianza na kiti tu. Keti mpaka mgongo uguse nyuma, nyoosha mguu mmoja taratibu hadi paja likaze, hesabu mpaka 5, shusha polepole. Mara 10, kisha mguu wa pili. Ukizoea, simama na kuketi bila kushika kitu, kiti kimeegemea ukuta. Kiwe kirefu, si kigoda. Na mbuzi mwachie binti yako akune nazi yeye. Kule chini goti hukunjika kupita kiasi, na kuinuka ndiyo balaa.

Halafu wewe una ufuo, si kama sisi na ngazi zetu hizi. Maji yakipwa asubuhi, tembea kwenye mchanga mgumu ulioloa, si ule laini wa juu unaozamisha mguu. Dakika 10 zatosha kuanzia. Bahari ikitulia, ingia na mwenzio mpaka kiunoni mtembee humo humo: maji hukupunguzia karibu nusu ya uzito. Mto Sabaki ukishusha tope lake baharini, baki na kiti chako.

Kuuma kidogo wakati wa zoezi si neno. Maumivu yakizidi muda wa saa 2 baada ya kumaliza, umejikalifisha. Kesho punguza, lakini usiache. Goti likivimba ghafla likawa la moto, au ukashikwa na homa, hapo hakuna zoezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na vile vidonge vya maumivu vya dukani, wewe mwenye presha, muulize daktari kwanza, maana baadhi yake huipandisha.

Maulidi ukija utalala chumba cha chini, nishakitandika. Ijumaa nipigie uniambie umefika dakika ngapi, na usinidanganye, nitamuuliza binti yako.

Shoga yako,
Zena