Nyumba moja, mita tatu

Ndugu Mhariri,

Tangu kodi ya majengo ihamie kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, wenye nyumba wengi hapa Moshi tumeacha kuhoji. Unanunua umeme, uniti zinakuja pungufu, unasema "ndiyo kodi ya jengo hiyo", basi. Zamani ikija karatasi ya madai, asiyekubali alikuwa na kitu cha kushika mkononi. Leo ushahidi ni ujumbe wa simu, nao tunaufuta.

Na kiwango sina ugomvi. Nyumba ya kawaida ni sh 1,500 kwa mwezi, yaani sh 18,000 kwa mwaka. Ghorofa hapa mjini ni sh 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Shida ni mita. Kinachotozwa kodi ni jengo, ila mashine haioni jengo. Pita Pasua au Majengo uone nyumba za kupangisha, kila mpangaji na mita yake. Jengo lenye mita tatu, zote zikikatwa kodi, linalipa sh 54,000 kwa mwaka. Tena anayelipa ni mpangaji, na nyumba si yake! Mwenye nyumba hana habari, au anazo na amenyamaza. (Wapangaji, wekeni zile meseji, mkamdai.)

Anayetaka kuhoji akusanye namba za mita zote za jengo na meseji za manunuzi zinazoonyesha makato, apate barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba hilo ni jengo moja, kisha aende kwa wanaosimamia kodi hiyo kuomba makato yabaki kwenye mita moja tu. Aombe kwa barua, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya dirishani hayana tarehe, na ukitaka kukata rufaa baadaye utaulizwa tarehe.

Wazee nao wanaumia kimyakimya. Mwenye miaka 60 na zaidi anasamehewa nyumba moja anayoishi, mradi haimwingizii kipato. Lakini mita haijui umri wa mtu. Lazima aombe, na wengi hawajaambiwa kwamba kuna cha kuomba.

Ombi langu kwa wahusika: bandikeni kwenye ofisi za kata orodha ya majengo na mita inayokatwa kwa kila jengo, bila majina. Wenyeviti wa mitaa wanazijua nyumba zao. Makosa watayaona siku hiyohiyo.

Mwenye nyumba,
Pasua, Moshi