Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hazina za Kidijitali za Vyuo Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu kwa mwaka 2025. Mihutasari ya vikao na hesabu zilizokaguliwa mmekwisha kutumiwa, sitazirudia hapa. Nitatumia nafasi kubwa kwa jambo lililotuchosha kuliko yote, yaani kuhama kutoka matoleo ya zamani ya DSpace, programu inayoendesha hazina zetu za kidijitali, maktaba za mtandaoni zinazotunza tasnifu na makala za vyuo.

Wengi wetu tulijenga hazina zetu kwa DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na MIT, chuo cha Marekani, pamoja na kampuni ya kompyuta ya HP. Kwa miaka mingi haikutudai mengi: seva ya kawaida, fundi anayeielewa, basi. Toleo la 7, lililotoka Agosti 2021, liligeuza mambo. Kurasa anazoziona msomaji zilitenganishwa na mitambo iliyo nyuma yake na kuandikwa upya, na seva zikaanza kuhitaji kumbukumbu kubwa zaidi. Mwaka 2023 matoleo ya 5 na ya 6 yakaacha kupata marekebisho ya usalama. Chuo kinachoendesha toleo la 6 hadi leo kinalala mlango wazi. Kamati inavijua vyuo vya namna hiyo, navyo vinajijua.

Mafunzo ya kuhama tuliyafanya, na waliohudhuria waliondoka na ari. Kilichofuata mnakifahamu. Fundi aliyeiva anahamishiwa kwenye mfumo wa malipo ya ada, au anachukuliwa na benki, na maktaba inarudi mwanzo. Siwalaumu vijana hao. Mshahara ni mshahara. Ninachosema ni kwamba mpango wa kila chuo kuwa na seva yake na fundi wake umetushinda, na hakuna mafunzo yatakayouokoa.

Wenzetu wa Amerika ya Kilatini waliliona hili mapema. Tangu mwaka 2012 mtandao wao wa LA Referencia unaunganisha hazina za nchi nyingi: hazina za vyuo hukusanywa kitaifa, na makusanyo ya kitaifa huvunwa, yaani taarifa zake hunakiliwa kiotomatiki, katika mfumo mmoja wa kanda, huku kila chuo kikibaki na jina lake. Sisi pia hatuanzii jangwani. Tanzania ina TERNET, Kenya ina KENET, Uganda ina RENU, mitandao iliyoundwa ili vyuo na taasisi za utafiti zishirikiane intaneti na huduma zake. Kamati inapendekeza vyuo vilivyo tayari viweke hazina zao kwenye seva ya pamoja, mafundi walipwe na wote, nakala rudufu zitunzwe katika mji mwingine. Moto ulioteketeza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town tarehe 18 Aprili 2021 ulikuta baadhi ya makusanyo yameshapigwa picha za kidijitali. Hayo yanasomeka mpaka sasa. Kwetu kuna tasnifu nyingi za miaka ya 1970 zenye nakala moja tu, rafuni.

Swali linaloulizwa kila mara na wakuu wa vyuo ni hili: data zitakuwa za nani? Za chuo. Anwani ya tovuti ni ya chuo, nembo ni ya chuo, na uamuzi wa nini kiingie na nini kisubiri ni wa chuo. Kinachogawanywa ni umeme, diski na usiku wa fundi.

Kuhusu anwani za kudumu, yaani viungo vya tasnifu visivyobadilika hata seva ikibadilika, niseme wazi kwamba hali si nzuri. Ukifungua baadhi ya hazina zetu utakuta kila tasnifu ina namba inayoanza na 123456789. Hiyo ndiyo namba ya mfano inayokuja na DSpace kabla chuo hakijasajili ya kwake. Maana yake anwani haijulikani popote nje ya seva ile, na siku seva ikibadilika, mwanafunzi aliyeinukuu tasnifu hiyo ameachiwa kiungo mfu. Kusajili ni kazi ya barua chache na ada ndogo ya mwaka. Kamati imeamua kwamba chuo chochote kitakachoingia kwenye seva ya pamoja kitasajiliwa namba yake kwanza.

Lugha nayo. Orodha ya lugha inayokuja na DSpace haina Kiswahili. Mkutubi mwenye haraka huchagua Kiingereza, ndicho kilicho juu, na tasnifu nzima ya fasihi au isimu ya Kiswahili inaingia duniani kama maandishi ya Kiingereza. Anayetafuta utafiti ulioandikwa kwa Kiswahili haipati. Kuongeza msimbo «sw» kwenye faili la mipangilio ni kazi ya dakika chache, ila kusahihisha rekodi za nyuma kunahitaji mtu aketi nazo moja moja. Vyuo vilivyoanza kazi hiyo nawashukuru wakutubi wake, hasa wale wanaoifanya jioni.

Roboti za kampuni za akili bandia, yaani programu zinazopakua kurasa kiotomatiki, zimetusumbua sana. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2025 na COAR, shirikisho la kimataifa la hazina za aina yetu, zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema roboti za fujo zinazifikia hazina zao. Kwetu zilikuja kwa wingi hadi msomaji wa kweli akashindwa kufungua ukurasa. Baadhi ya mafundi walizuia kila kitu kwa pupa, na wavunaji halali kama CORE na Google Scholar, wanaowasaidia wasomaji kuzipata tasnifu zetu, wakabaki nje pamoja na wavamizi. Tasnifu isiyovunwa ni kama haijawekwa. Kikundi cha ufundi kimeandaa mwongozo mfupi wa kuchuja. Tafadhali usomeni kabla ya kuzima chochote.

Makala za wahadhiri bado ni chache, na hofu kubwa ni hakimiliki. Majarida mengi huruhusu nakala iliyokwisha kukubaliwa, kabla mchapishaji hajaipanga kurasa, iwekwe kwenye hazina ya chuo, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Tovuti ya Open Policy Finder, zamani Sherpa Romeo, huonyesha sera za majarida, na wakutubi wamefundishwa kuitumia. Mhadhiri aitunze nakala hiyo tu. Akituletea ile yenye nembo ya jarida, mara nyingi mikono yetu imefungwa.

Kwa tasnifu za afya, kurugenzi za uzamili zikague viambatisho kabla ya kututumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inatuhusu, na fomu zenye majina ya wagonjwa hazina nafasi kwenye hazina ya wazi.

Pendekezo la seva ya pamoja ni ajenda ya sita na litapigiwa kura. Wajumbe waje na barua ya idhini kutoka vyuoni mwao. Ada za uanachama zitajadiliwa baada ya kura hiyo, kwa kuwa kiwango chake kitategemea matokeo. Nafasi za mweka hazina na mratibu wa ufundi ziko wazi. Fomu zinapatikana kwa Katibu, na kwa hiyo ya pili tungependa sana kumpata mtu wa chini ya miaka arobaini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti