Gesi ya puto imekwenda wapi

Mwanangu Neema,

Siku ya kutembelewa uliniuliza mbele ya wenzako: maputo ya harusi ninayojaza jioni yanaamka yamesinyaa, ile heliamu inakwenda wapi? Nikakujibu kwa mkato kwamba inapaa kwa kuwa ni nyepesi, nikaendelea kugawa chapati. Jibu lile limenisumbua njia nzima ya kurudi.

Wepesi hupandisha puto. Gesi ikishapenya kwenye mpira hugongwagongwa na molekuli za hewa mpaka ikasambaa kila upande. Kinachoamua kama itaihama Dunia ni mbio zake.

Kumbuka tunavyokaanga bisi bila mfuniko. Moto ni mmoja, lakini punje moja inajigeuza tu na nyingine inaruka hadi sakafuni. Molekuli nazo ndivyo zilivyo: joto linakupa wastani, na daima zipo chache zinazoupita wastani huo kwa mbali. Kwenye nyuzijoto 27 oksijeni hukimbia kama mita 480 kwa sekunde. Hidrojeni, iliyo nyepesi mara 16, hukimbia mara nne ya hapo. (Kipeuo cha pili cha 16, usije ukasahau kwenye mtihani.) Kuiponyoka Dunia kunataka kilomita 11.2 kwa sekunde.

Utasema basi hata hidrojeni haifiki. Huku chini, kweli. Ila kilomita 500 hivi juu, hewa ni haba kiasi kwamba atomu inaweza kwenda zake bila kugonga kitu, na joto hufika kelvini 1,000, yaani kama nyuzijoto 727. Atomu ya hidrojeni huko ina wastani wa kilomita 5 kwa sekunde, na zile zinazozidi mara mbili ya wastani na ushei ndizo haturudishiwi. Kwa njia hii na nyinginezo Dunia hupoteza kama kilo tatu za hidrojeni kila sekunde. Heliamu ni nzito mara nne ya atomu hiyo, hivyo kwa joto peke yake ingekawia mno. Nyingi husubiri ipoteze elektroni, kisha nguvu za umeme na sumaku zinaitoa juu ya ncha za Dunia.

Linalonifurahisha kuliko yote ni Mwezi wetu na Titan, mwezi wa Zohali. Kuponyoka Mwezi ni kilomita 2.4 kwa sekunde, Titan 2.6. Karibu sawa! Lakini Mwezi ni mkavu, hauna hewa, na Titan imejifunika nitrojeni yenye shinikizo mara moja na nusu ya letu. Sababu kubwa ni baridi: kule ni nyuzijoto 180 chini ya sifuri, hali mchana wa Mwezi hupita 100.

Heliamu ya mitungini huchimbwa ardhini, ambako urani na thoriamu, elementi zenye mionzi, huizaa taratibu mno. Ndiyo maana ile ya Rukwa, Tanzania, iliyotangazwa 2016 ilizua kelele, na ndiyo maana mtungi unanikausha mfuko.

Ukifunga shule nitakujazia maputo mawili. Moja tuliweke kwenye friji, moja kibarazani, kesho yake tuyaache sebuleni yalingane joto, kisha tuyapime kwa futi yangu ya kushonea.

Mama yako