Harambee ya Kipimo cha Mapafu, Zahanati ya Usharika Wetu, Mufindi

Kamwene wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili, tutachangia spirometa, mashine ya kupima nguvu ya mapafu. Wana Mufindi mlio nyumbani, na mlio Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko, mtushike mkono.

Baridi ya Juni na Julai mnaijua. Mama anapika ndani, madirisha yamefungwa, kuni zinafuka tangu alfajiri. Vijana wetu wanapasua mbao na kuvuta vumbi lake mwaka mzima. Mtu akikohoa na kutweta kwenye kilima kidogo, zahanati hupima kwanza makohozi, isije ikawa kifua kikuu, na ndivyo inavyopasa. Lakini majibu yakitoka safi, hapo ndipo tunapokwama. Anapewa dawa ya kikohozi, anarudi, anapewa nyingine. Je, ni pumu, au ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa? Hata picha ya eksirei inaweza isionyeshe.

Kwa spirometa, mgonjwa hubanwa pua, huvuta pumzi mpaka mwisho, kisha hupuliza kwa nguvu zote bila kukatisha, sekunde 6 hivi. Hurudia angalau mara 3. Mashine husoma hewa yote iliyotoka, na ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Halafu huvuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, husubiri kama dakika 15, hupuliza tena. Hewa ikiongezeka sana, pumu ndiyo hushukiwa. Ikiwa sekunde ya kwanza bado haifikishi asilimia 70 ya hewa yote, njia zimeziba kwa namna isiyofunguka kikamilifu, na tiba huanza na kumtoa mgonjwa kwenye moshi. Aliyepata shtuko la moyo karibuni hapulizishwi, hupona kwanza.

Tunahitaji pia vipande vya mdomoni vya kutumika mara moja, sirinji ya lita 3 ya kuhakiki mashine, na mafunzo ya muuguzi. Mafunzo tunayasisitiza sana: mgonjwa asipohimizwa vizuri hupuliza nusu nusu, na majibu hupotosha.

Asiye na fedha alete debe la mahindi, viazi, mbao, hata kuku, tutanadi palepale. Ahadi ziandikwe kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako. Risiti zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo.