Barua ya wazi kwa Ofisa Misitu: tuhesabu miti iliyopona

Mheshimiwa Ofisa Misitu,

Tumepata taarifa kwamba msitu wetu umo kwenye ratiba ya siku ya upandaji miti mwaka huu, na kwamba miche imeshaagizwa. Tunashukuru kuona ofisi yako imeukumbuka. Lakini kabla gari la miche halijafika, tunakuomba utusikilize sisi tunaoingia humo na majembe tangu enzi watu walipokuwa wakiufanya jalala.

Sehemu kubwa ya msitu ule haina shida ya miche. Pita pale tulipong'oa lantana, kile kichaka cha kigeni kinachovamia misitu, uone maotea ya miti ya asili yalivyojaa, mengine yamefika kiunoni. Hakuna aliyeyapanda. Mbegu zilikuwa ardhini, nyingine zililetwa na ndege na popo; kilichokosekana ni mwanga. Lantana hutanda, hupanda juu ya miti michanga, na chini ya kivuli chake hakuoti kitu. Ukiikata kwa panga umeipogoa tu, mvua ikinyesha inarudi na matawi mengi kuliko ya mwanzo. Lazima ichimbwe na shina lake la chini, udongo ukiwa umelowa, kisha sehemu ileile irudiwe msimu baada ya msimu, kwa sababu ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu upya. Wala haifai kuing'oa yote kwa mpigo, hasa kwenye mteremko, maana ardhi ikibaki tupu mvua huondoka nayo. Ndiyo maana tunakwenda kipande kwa kipande, na hatufungui kipya kabla cha nyuma hakijafunikwa na majani. Ni kazi ya polepole, na mtu akipita njiani anaweza kudhani hatujafanya kitu.

Visiki navyo vina habari yake. Wachoma mkaa walikata miti, lakini mizizi mingi iko hai. Kisiki kimoja hutoa machipukizi chungu nzima yanayonyang'anyana maji na mwanga. Tunachagua machache yaliyonyooka, mengine tunayaondoa kwa kisu kikali, tukikata kuelekea juu ili gome lisichanike. Wakulima wa Dodoma wanaiita njia hii kisiki hai. Nchini Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alianza kuifanya na wakulima wa Maradi mwaka 1983, na katika miongo iliyofuata miti ilirudi kwenye takribani hekta milioni 5 za mashamba. Chipukizi la kisiki limekaa juu ya mizizi ya mti mzima. Kiangazi kikija, mche wa kitalu hauwezi kushindana nalo.

Tunayasema haya kwa kuwa tumeshaona sherehe moja ya upandaji ilivyokwenda. Siku moja kabla, vibarua walifyeka uwanja ili wageni wapate pa kusimama, na walichokifyeka ni maotea. Wiki kadhaa baadaye tulipochimbua miche iliyokauka, mingi ilikuwa bado imo ndani ya viriba vyake, mizizi imejizungusha humo humo ikitafuta pa kutokea. Mingine ilikuwa mikaratusi, kando kabisa ya kijito. Mkaratusi una faida zake kwenye shamba la nguzo na kuni, ila hunywa maji mengi, na pale si mahali pake. Idadi ya miche iliyopandwa ilitangazwa kwa kipaza sauti. Iliyopona hakuna aliyekuja kuihesabu.

Ombi letu kubwa, Mheshimiwa, ni kwamba ubadilishe kipimo. Kazi ya msitu ihesabiwe kwa miti iliyo hai baada ya viangazi vitatu, iwe imepandwa, imeota yenyewe au imechipua kwenye kisiki. Kipimo hicho peke yake kitawafanya hata wataalamu wako waanze na kung'oa magugu na kulinda kilichopo, kabla ya kufikiria kupanda.

La pili, tupatie mkataba wa maandishi wa miaka isiyopungua kumi. Hadi leo tunafanya kazi kwa ruhusa ya mdomo, na ofisa mpya anaweza kuifuta kwa neno moja. Hatudai msitu uwe wetu. Tunataka ijulikane tunaruhusiwa kukata nini, kina mama wanaookota kuni kavu wana haki gani (nao wawemo kwenye mazungumzo tangu mwanzo, maana ndio wanaouona moto kwanza), na tumpigie nani tukisikia msumeno usiku. Kupambana na majangili wa mbao si kazi ya mtu wa kujitolea, hapo tunaihitaji serikali.

Jambo hili si geni. Nepal iliwapa vikundi vya wananchi haki ya kusimamia misitu kwa sheria ya mwaka 1993, na misitu yake ikaongezeka. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura, Nairobi. Miaka kumi na kitu baadaye msitu huohuo ulikuwa ukisimamiwa kwa ubia kati ya serikali na wananchi, na mikaratusi ikipisha miti ya asili.

Kuhusu miche iliyokwisha kuagizwa, iliyo ya asili tunaihitaji kwenye shimo la zamani la kokoto, ambako udongo wa juu ulichukuliwa wote na hakuna kinachoota chenyewe. Tutachimba mashimo mapema na kumwagilia kwa zamu. Iliyobaki iende kwenye viwanja vya shule na kando ya barabara.

Tunaomba uje na wataalamu wako tuupitie msitu pamoja kabla ya tarehe ya sherehe, na utujibu kwa maandishi kuhusu mkataba.

Wako,
kwa niaba ya kikundi cha kujitolea cha msitu